Kamba Mwishoni mwa Mnyororo

Akoth aliiona kazi ile baada ya nyavu zote kuwa majini na nanga kushika chini.

Alikuwa ameinama mbele ya mashua akitafuta kopo la kufua maji yaliyoingia ndani. Aliliondoa gunia lililofunika kreti ya mnyororo, na macho yake yakatua pale ambapo tangu utoto wake palikuwa na fundo la kamba ya katani. Fundo halikuwapo. Pete ya mwisho ya mnyororo wa nanga ilikuwa imechomelewa kwenye chuma kinene kilichokunjwa kama mpini wa ndoo, na chuma hicho kilikuwa kimeitoboa boriti ya mbele kutoka juu hadi chini. Akachungulia chini ya boriti. Kulikuwa na nati mbili, na ncha za chuma zilizojitokeza chini ya nati zilikuwa zimegongwa kwa nyundo zikatanuka kama uyoga, spana isipate pa kushika.

Alibaki ameinama muda mrefu kuliko kopo lilivyohitaji.

"Umeona?" akauliza Khisa, mumewe, aliyekuwa nyuma akikunja gunia la nyavu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeficha zawadi akachoka kuificha. "Nilikuwa nangoja uione mwenyewe. Sasa hao wezi wa skrepu wakuje. Labda wabebe mashua yote."

"Ulifanya lini, Baba Fancy?"

"Jana ukiwa kanisa. Nilichomelea kwa karakana ya Kabiru, halafu nikakuja kufunga hapa. Hiyo haitoki. Hata mimi mwenyewe siwezi kuitoa."

"Ni kazi safi," akasema Akoth, na hakumdanganya. Akajiinua taratibu, akageuza uso kutazama upande wa mlima Longonot.

Kwa mtu mwingine yeyote angefungua kinywa chake chote. Kwa Khisa alijizuia. Shamba la maua alilokuwa akilifanyia kazi, akiunga mabomba na kuchomelea vyuma vya nyumba za plastiki, lilikuwa limefikiwa na ziwa. Maji ya Naivasha yalipanda mwaka baada ya mwaka, yakameza nyua, yakameza barabara na vyumba vya watu, mwishowe yakaingia katikati ya mistari ya waridi, na mafundi wakaambiwa waende nyumbani wangoje simu. Simu haikupigwa. Khisa akakaa kwenye chumba chao cha kupanga pale Karagita, mwanamume wa Kimilili aliyezoea kuitwa huku na huku mchana kutwa, sasa haitwi na mtu. Hata kikombe akikiosha alikigeuzageuza, kana kwamba anatafuta mahali kilipoharibika apate kukitengeneza. Wamuyu, mwenzake Akoth wa kuvua, aliporudi kwao Dundori kulima viazi, Akoth alimwambia mumewe aje ziwani. Alikuja kwa unyenyekevu uliomuuma mkewe kuliko kiburi. Hakujua kuogelea. Hakujua tanga. Alijua chuma. Na leo, kwa mara ya kwanza, alikuwa ameipa mashua kitu kilichotoka mikononi mwake.

Utamnyang'anyaje mtu kitu kama hicho, tena katikati ya ziwa?

Isitoshe, alikuwa na sababu. Pale Karagita chuma hakilali nje. Mvua zilipoanza, mnyororo wa zamani uliibwa usiku mashua ikiwa imetia nanga karibu na ufuko. Wezi walikata ile kamba ya katani kwa kisu cha jikoni, wakaondoka na mnyororo na nanga, na asubuhi mashua ikakutwa imejikunyata kwenye magugu maji kama ng'ombe aliyepotea. Walinunua mnyororo mpya na nanga, Akoth akavifunga kwa katani nyingine; Khisa ndiye aliyeitazama ile iliyokatwa, akaitupa, akasema, "Hata mtoto angeweza."

Hilo ndilo lililokusudiwa. Kamba ile ilikuwa pale ili hata mtoto aweze.

Baba yake Akoth alitoka Usenge, kando ya lile ziwa kubwa la magharibi, akaja Naivasha kuchimba mitaro ya maji mashambani. Alipochoka na mitaro alitengeneza mashua kwa namna ya kwao: ndefu, nyembamba, mlingoti mmoja uliopita kwenye tundu la boriti ya mvule, tanga la magunia ya mbolea yaliyoshonwa pamoja. Watu wa ufukweni walicheka hadi wakachoka. Hapa watu walipiga makasia, na waliojaliwa walikuwa na injini. Tanga lilikuwa kitu cha picha. Lakini upepo wa mchana hauendi kituo cha petroli, na mzee aliendelea kurudi na samaki.

Akoth alikulia ndani ya mashua hiyo. Baadaye alifanya kazi kwenye chumba cha kufungashia waridi, vidole vikinuka dawa hata siku ya Krismasi, hadi mgongo wa baba yake ulipokataa kunyooka, ndipo akaishika mashua yeye. Wanaume walimwambia mwanamke akikaa mbele samaki hukimbia. Akakaa nyuma, akashika usukani, na samaki hawakusema neno.

Kutoka kwa baba alirithi mashua na mazoea yake. Mzee alipenda kusema kwamba nanga ni mgeni, na mgeni mkalishe karibu na mlango. Alitumia mnyororo kwa sababu kamba tupu hukatwa na injini za watalii na kutafunwa na viboko, na kwa sababu uzito wa chuma huilaza nanga vizuri kwenye tope. Lakini ule mwisho unaobaki ndani ya mashua haukuruhusiwa kushikana na chuma. Ulifungwa kwenye boriti kwa katani iliyo nyembamba vya kutosha kukatika kwa pigo moja la panga, na kando yake palikaa jerikani tupu lenye kamba yake. Nanga ikikwama, au kitu kikija, unaunganisha jerikani na mnyororo, unakata, unaondoka. Kesho ukirudi unalikuta jerikani linaelea, na chini yake mali yako.

Akoth hakuwahi kumweleza mumewe haya. Kwake yalikuwa kama kumweleza mtu mzima kwamba chai hunywewa kwa mdomo.

Jerikani lilikuwa pale pale, limebanwa kando ya kreti, halina kazi.

Maji upande wa Longonot yalikuwa yameanza kubadilika rangi. Mstari mweusi ulikuwa ukisogea juu yake, na nyuma ya mstari ule ziwa lote lilikuwa limesimamisha nywele.

"Tutoe nanga," akasema Akoth.

Khisa akacheka kidogo. "Si tumefika saa hii? Nyavu hazijaloa."

"Nyavu tutarudia. Nanga kwanza."

Aliisikia sauti yake mwenyewe ikiwa nyembamba, na Khisa aliisikia pia, kwa kuwa aliacha kucheka akaja mbele. Wakaushika mnyororo wote wawili, wakavuta. Ukaja kidogo, ukileta tope na majani ya kuoza, halafu ukasimama. Wakavuta tena. Mashua ndiyo iliyoinamisha kichwa, nanga haikusogea.

Akoth alijua kilicho chini. Walikuwa wametia nanga juu ya msitu. Kabla ziwa halijapanda hapa palikuwa na migunga, na tumbili, na njia ya ng'ombe, na sasa miti ile imesimama imekufa ndani ya maji, na tilapia hujificha katikati yake. Ndiyo maana wavuvi walipapenda. Ndiyo maana pia nanga nyingi zilikuwa zimebaki pale.

"Imeshika tawi," akasema.

"Basi iwache ishike. Upepo ukitulia tutaitoa. Si ni vizuri ikishika? Tutaenda wapi?"

Upepo ulikuwa umewafikia, ukaigeuza mashua ielekeze uso kwenye Longonot, mnyororo ukanyooka mbele yao ukiwa umekakamaa. Naye Akoth alikuwa akitazama huko mbele, mahali ambapo asubuhi palikuwa na maji matupu, na sasa palikuwa na mafunjo.

Mafunjo yalikuwa yakitembea.

Wakazi wa Naivasha huvijua visiwa hivyo. Upepo hukata kipande cha kinamasi, mizizi na magugu maji na yote, kikubwa kama kiwanja cha shule, ukakisukuma mpaka ng'ambo. Hakina kelele. Yangeyange, wale ndege weupe, hukaa juu yake wametulia kama abiria waliokwisha lipa nauli. Injini hukikwepa. Mashua ya tanga hukikwepa pia, ikiwa haijafungwa.

"Baba Fancy. Pandisha tanga."

"Na nanga je?"

"Pandisha tu."

Khisa akavuta kamba ya tanga, na Akoth akakimbilia usukani nyuma. Alifikiri kuitumia mashua kama mbuzi aliye kambani: haiwezi kwenda mbali, lakini inaweza kukimbilia kando. Tanga likajaa, mashua ikalala ubavu, ikakata maji kwenda kulia, mpaka mnyororo ukaisimamisha kwa mshtuko uliomwangusha Khisa kwa magoti. Akajaribu kushoto. Vivyo hivyo. Kisiwa kilikuwa kipana kuliko kamba ya mbuzi. Huku na huku aliona ukuta ule ule wa kijani, vichwa vya mafunjo vikiinamiana kana kwamba vinanong'onezana.

"Shusha," akasema.

Likashuka. Sasa harufu ya kisiwa iliwafikia, harufu ya tope bichi na mayai ya ndege.

Hakikuigonga mashua. Ingekuwa heri kingeigonga. Kiliupanda mnyororo kwanza. Mizizi mirefu iliyoning'inia chini yake iliukumbatia mnyororo, upepo ukasukuma, nanga huko chini ikakataa kuachia tawi lake, na kitu pekee kilichobaki cha kusalimu amri kilikuwa mashua. Sehemu ya mbele ikaanza kuzama. Haikuzama kwa ghafla. Ilizama kwa adabu, kama mtu anayepiga goti, na maji ya kwanza yakapita juu ya ubao yakaingia bila kishindo.

Khisa alikuwa amelishika jiwe la kuzamishia nyavu, akiigonga nati kwa chini. Aligonga kwa nguvu zake zote, meno nje. Chuma kililia, hakikusogea. Akagonga pale alipochomelea. Cheche moja ikaruka, ikafa majini. Kazi yake ilikuwa nzuri mno.

"Kwa nini mlikuwa mnaweka kamba?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Ili ikatike."

Mkono wenye jiwe ukasimama hewani.

"Mimi nilidhani ni umaskini," akasema Khisa. "Miaka hii yote nilidhani hamkuwa na pesa ya chuma."

Akoth alipitisha mkono chini ya kiti akatoa panga. Hakuwa na muda wa kuona huruma, na huruma ilikuja hata hivyo. "Songa," akasema. Akapiga magoti ndani ya maji, akaanza kuikata boriti.

Mvule ni mti usio na haraka. Panga lilirudi likiwa limeng'oa kijipande kama ukucha. Alipiga tena, akilenga kando ya chuma, upande wa kulia, kisha kwa mshazari, kisha upande wa kushoto. Boriti hiyo baba yake aliichonga kwa tezo, na alama za tezo zilikuwa bado zinaonekana juu yake, mawimbi madogo yaliyopangwa vizuri. Akayakata. Boriti ndiyo iliyoushika mlingoti, kwa hiyo kuikata kulikuwa kuukata mlingoti pia, na tanga, na kesho yake. Hayo aliyajua kila panga liliposhuka. Maji yalimfika mapajani.

Alipoinua uso kuvuta pumzi, Khisa hakuwapo ndani ya mashua.

Alikuwa juu ya kisiwa. Alikuwa ameruka kutoka mbele akiwa na kasia, na sasa alikuwa amezama hadi kiunoni katika mafunjo, akiyasukuma na kuyang'oa kwa mikono, akijaribu kuufikia mnyororo mahali ulipomezwa. Kila aliponyanyua mguu mmoja, mwingine ulizidi kudidimia. Yangeyange walisogea pembeni kidogo wakamwachia nafasi.

"Baba Fancy, rudi."

"Kata!" Alikuwa amempa mgongo. "Mimi nitatoa hii mizizi. Wewe kata."

"Nikikata, upepo utanichukua. Siwezi kurudi na mashua haina tanga. Unasikia? Utabaki hapo."

"Nimesikia. Kata."

Aliuelewa utulivu wa sauti ile, na ndio uliomwogopesha kuliko maji. Haikuwa sauti ya mtu asiyejua. Alikuwa amepiga hesabu zake kama fundi, akaona kosa ni lake na gharama ni yake, na akaona ni haki. Kisiwa kile kingeweza kufika ng'ambo kikiwa kizima. Kingeweza pia kupasuka katikati ya ziwa, kama vilivyopasuka vingine, na Khisa angezama kama nati.

Akoth aliitazama boriti. Ilikuwa imebaki kiasi cha kiganja. Mapigo machache tu. Mbele ya mashua hakukuonekana tena ubao, ila maji yaliyokuwa yakiingia sasa kwa kujiamini.

Akaketi. Aliketi kwenye kiti cha katikati, ndani ya maji, akalilaza panga mapajani kama mwanamke anayepumzika baada ya kufyeka.

"Sikati," akasema.

Khisa akageuka. Matope yalikuwa yamempaka nusu ya uso. "Mama Fancy, mashua inaenda."

"Naiona."

"Utazama."

"Nitazama nikiwa nimeketi. Wewe endelea na mizizi yako."

"Wewe mwanamke—" Hakumaliza. Alimtazama kwa namna ambayo hakuwa amemtazama tangu siku alipotumwa nyumbani kungoja simu, macho kwa macho, amekasirika kabisa. Hasira ile ilimfaa. Akalitupa kasia lilale juu ya mafunjo, akajilaza juu yake kwa tumbo, akaanza kutambaa. Mara mbili mkono wake uliingia ndani hadi begani na mara mbili akautoa. Akoth alikaa palepale, panga mapajani.

Vidole vya Khisa vikashika ubao. Akajirusha ndani, kichwa kwanza, akameza maji, akakohoa.

"Shika kiti," akasema Akoth, tayari ameinuka. "Shika kwa mikono miwili, na ukisikia mti unalia, lala chini."

Akapiga. Akapiga tena. Boriti ililia kabla haijakatika, mlio mrefu wa mlango mzito, kisha chuma cha Khisa kiling'oka na kipande cha mvule kikiwa bado kimekibana, kikaruka juu ya ubao wa mbele kikaenda zake. Sehemu ya mbele ya mashua ikaruka kutoka majini kama samaki. Mlingoti ukayumba ukitafuta pa kujishika, haukupata, ukaanguka ubavuni, ukaburuta tanga majini. Kisiwa kikawapiga kikumbo cha mwisho, mashua ikateleza pembeni yake, mafunjo yakawapangusa nyuso, na ghafla walikuwa upande wa pili wa ukingo wake, wakielea nusu kaburini, upepo ukiwasukuma kokote utakako.

Walifua maji. Akoth kwa kopo, Khisa kwa jerikani alilolipasua kwa panga. Nyavu zilikuwa zimekwenda na kisiwa, na kipande cha boriti, na mnyororo mpya, na nanga. Mikono ya Akoth ilikuwa na malengelenge yaliyopasuka, na kila alipoinamisha kopo maji yaliyachoma, na kila yalipochoma alikumbuka kwamba bado wapo.

Upepo uliwatupa upande wa kaskazini, kwenye kinamasi kisicho na njia. Mashua ikaingia katikati ya mafunjo, mafunjo haya yakiwa yamesimama kwenye mizizi yao, ikatulia. Karibu nao, ndani, kiboko alikoroma, akanyamaza, akakoroma tena akiwa mahali pengine.

"Hatuwezi kushuka hapa," akanong'ona Khisa.

"Hatushuki."

"Na akikuja?"

"Akija tutamsalimia."

Khisa alikuwa amelowa chepechepe. Akavua shati, akalikamua, akalivaa tena. Alifungua mdomo, na Akoth akajua anachotaka kusema, akamtangulia. "Mimi pia sikukwambia. Tumeoana muda wote huu, na sikuwahi kukwambia kamba ni ya nini. Tusilizungumze na huyu jirani anasikiliza."

Waliketi hivyo, mgongo kwa mgongo kupata joto, wakisikiliza mafunjo yakisuguana na kila mara wakifikiri ni mnyama, mpaka waliposikia injini. Akoth akasimama juu ya kiti, akapunga kitambaa chake cha kichwa. Ilikuwa mashua ya Kimutai, kijana wa kuzungusha watalii, mwenye miwani ya jua hata palipo na kivuli. Alikuwa ameliona tanga lao likianguka, akawateremsha wageni wake kwanza, kisha akaja kutafuta. Alipunguza mwendo, akasimama mbali kidogo na kinamasi.

"Niaje, mathe. Mlingoti iko wapi?"

"Umelala."

"Na tanga?"

"Limeufunika."

Kimutai akamtazama Khisa, matope mpaka nyusi. "Mzee uko sawa? Nanga je, mlitoa?"

"Imeshika," akasema Khisa.

"Inaonekana ilishika poa." Kimutai akatikisa kichwa, lakini jicho lake lilikuwa kwenye mafunjo, pale yalipotikisika bila upepo. "Sikuji huko ndani. Kuna mama kiboko na mtoto wake hapo, nimewaona jana. Nawarushia kamba, mfunge haraka, nivute. Msipige kelele."

Kamba ikaja, ikaangukia mbele ya mashua. Mbele hakukuwa tena na boriti ya kufungia; palikuwa na visiki viwili vyeupe vya mvule na tundu katikati. Akoth alikuwa nyuma, amelishika kasia moja lililobaki, akiisukuma mashua itoke kwenye tope. Khisa aliyekuwa mbele akaiokota kamba. Akatafuta kwa macho mahali pa kuifunga, hakupata. Hakutaka pia kupata. Akaizungusha kwenye kiganja chake, mara moja, mara mbili, mara tatu, akakunja ngumi juu yake, akaegemeza miguu ubaoni.

"Vuta," akamwambia Kimutai kwa sauti ya chini.

Injini ikanguruma. Kamba ikainuka kutoka majini ikidondosha matone.

"Legeza, Kimutai," akasema Akoth. "Legeza kwanza."

Aliliacha kasia, akapita mbele akikanyaga maji na tanga, huku nyuma yake mafunjo yakivunjika moja moja, karibu zaidi kuliko mwanzo. Akaushika mkono wa mumewe. Ngumi haikutaka kufunguka. Ilikuwa imekauka kama iliyochomelewa. Akaifungua kidole kwa kidole, akaivua kamba mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ilikuwa imeacha ngozini mifereji myeupe ambayo sasa ilianza kuwa myekundu.

"Ikiwa imekuzunguka, ikienda inaenda na wewe."

"Nikiishika tu itaponyoka."

"Itaponyoka. Kimutai atairusha tena."

"Mathe," Kimutai akaita kwa mnong'ono, "huyo mama anakuja."

"Tunakuja na sisi."

Akaipitisha kamba chini ya kiti cha mbele mara moja tu, akauleta mkia wake juu, akauweka kwenye viganja vya Khisa viwili, vikiwa wazi. "Ubao ndio unaovuta. Wewe umeshika mkia. Nikisema achia, usiulize. Fungua vidole."

"Nikisikia achia, nafungua."

"Nionyeshe."

Mafunjo yakapasuka nyuma yao, na maji ya chini ya mashua yakainuka kidogo kama kitu kinachovuta pumzi. Kimutai hakungoja kuambiwa tena. Kamba ikakazana, ubao ukalia, mashua ikaanza kutoka kwenye tope, ikiburuta mlingoti wake.

Khisa hakuwa akitazama nyuma. Alikuwa akiitazama mikono yake. Alifungua vidole kidogo, akavifunga kabla mkia haujaponyoka, akavifungua tena.